Nani anapima kipima-gazi?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, nawauliza neno moja. Unaposhuka na kaji asubuhi, unaamini kwamba gazi mbaya ikitokea, sirene italia. Ni nani aliyekuhakikishia? Mara ya mwisho uliisikia lini? Mimi mwenyewe, miaka yote ninayofanya kazi katika dispansere ya mina, sikuwahi kujiuliza. Nilifikiri kuna mtu fulani anayeangalia mambo hayo. Na mtu fulani huyo alifikiri kuna ordinatere inayoangalia.

Siku moja Komite ya usalama na usafi iliniita. Mezani kulikuwa karatasi mbili za fundi mmoja kijana wa ordinatere. Aliomba ruhusa ya kuamsha jaribio moja la programu ya sirene, jaribio lililolazwa tangu zaidi ya miaka mitano. Alikuwa amekwisha kulitengeneza. Kazi yetu ilikuwa kuchunguza matengenezo yake na kusema ndiyo ao hapana. Nilicheka. Nikamwambia mwenyekiti: "Mzee, mimi najua sindano na bandeji. Mambo ya ordinatere yananihusu nini?" Akanijibu: "Keti, munganga mdogo. Saa yako itafika." Ilifika kweli.

Kwanza mjue namna mtambo unavyofanya kazi. Chini, katika kila nivo, kuna vipima-gazi vilivyofungwa ukutani. Kila kimoja kina namba yake, na kimeunganishwa kwa waya na ordinatere iliyo juu, katika chumba cha ulinzi. Programu ndani ya ordinatere inaviuliza kimoja kimoja, sawa kapita anayeita majina asubuhi: namba 1, hewa gani? Namba 2, hewa gani? Na kuendelea mpaka wa mwisho, kisha inaanza tena. Vyote vikijibu, mzunguko mzima hauchukui hata sekunde 10. Kipima-gazi kikijibu kwamba gazi imepita kiasi, programu inatoa amri: sirene ilie, taa nyekundu ziwake.

Mafundi waliofunga mtambo huo walikuwa watu wa akili. Walijua kwamba programu inaweza kugonjwa sawa mtu. Kwa hiyo waliweka ndani yake kipima-gazi cha uongo, kisicho na waya wala mwili, cha mwisho kwenye mstari. Kila usiku, saa ambayo hakuna ekipe chini, jaribio linakipa hicho cha uongo jibu la uongo: "Gazi ni nyingi!" Halafu linahesabu sekunde. Amri ya sirene ikitoka kabla ya sekunde 15, jaribio linaandika NZURI kwenye karatasi ya asubuhi. Isipotoka, linaandika MBAYA. Sirene yenyewe hailii, maana amri inazuiliwa mlangoni. Hakuna mtu anayeamshwa. Kazi yote inafanywa na mashine, bila mkono wa mtu.

Basi kwa nini walililaza?

Mina ilichimbwa kwenda chini zaidi. Vipima-gazi vikaongezwa. Na jaribio likaanza kusumbua: usiku mmoja NZURI, usiku wa pili MBAYA, usiku tatu NZURI, halafu MBAYA tena. Kila lilipoandika MBAYA, fundi wa zamu alipigiwa simu, akavaa, akaja, akajaribu kwa mkono, akaona kila kitu kinakwenda. Akarudi nyumbani akinung'unika. Mnajua hadithi ya jirani anayepiga kelele "mwizi!" kila usiku. Mwisho mtu mmoja, ambaye sitamlaumu kwa sababu hata mimi ningefanya vile, aliandika neno moja mbele ya jaribio hilo: RUKA. Kuanzia siku ile karatasi ya asubuhi ilikuwa safi. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa: MAJARIBIO YOTE NZURI. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: 1 limerukwa. Nimeziona karatasi hizo katika faili, mamia na mamia. Zote zina sahihi.

Msifikiri kwamba ni sisi tu. Tarehe 20 Aprili 2010, mashine ya kuchimba petroli baharini, Deepwater Horizon, ilipasuka katika Ghuba ya Meksiko, wakafa watu 11. Mwezi wa Julai mwaka ule, fundi mkubwa wa elektroniki wa mashine hiyo alieleza mbele ya wachunguzi kwamba kengele kubwa ilikuwa imezuiliwa isilie yenyewe. Sababu? Wakubwa hawakutaka watu waamshwe saa tisa ya usiku na kengele za bure. Na mbele yake, tarehe 6 Julai 1988, kwenye Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini ya Uingereza, walikufa watu 167. Pampu za kuzima moto hazikuweza kuwaka zenyewe usiku ule. Ziliwekwa ziwashwe kwa mkono, ili zisije zikavuta wapiga-mbizi waliofanya kazi majini. Sababu nzuri kabisa! Kitu cha usalama hakizimwi na mtu mwovu. Kinazimwa na mtu mwenye sababu nzuri, halafu sababu inakwisha na kitu kinabaki kimezimwa.

Turudi mezani kwetu. Yule fundi kijana alisimama akaeleza matengenezo yake. Alisema: "Baba zangu, nimeona kosa. Jaribio lilikuwa na haraka sana. Sekunde 15 hazitoshi, kwa sababu mina imekuwa kubwa. Nimeweka dakika 5. Nimeliendesha usiku 20. Mara 20 limeandika NZURI." Watu wakafurahi. Mmoja alikwisha kutoa kalamu.

Enjenyeri wa vantilasyo alinigeukia. "Munganga mdogo, dakika 5 ni nyingi ao kidogo?"

Hapo ndipo saa yangu ilifika, na hapa nataka nikae kidogo, maana ni mambo yanayomhusu kila mtu anayeshuka.

Gazi inayoua zaidi moto unapowaka chini ya udongo inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Tairi moja ya mashine ya dizeli ikiwaka, inaitoa kwa wingi. Ukiivuta, inaingia katika damu na kushika kile kinachobeba oksijeni, nayo inakishika kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, moyo unapiga, lakini damu haibebi tena kitu cha maana. Ni sawa kamyo zinazopita barabarani zote zimejaa mchanga, na nyumbani unga hakuna.

Sasa tazama hesabu. Hewa ikiwa na sehemu 200 za gazi hiyo katika milioni moja, mtu anaumwa kichwa kidogo baada ya saa 2 ao 3. Zikiwa 800, katika dakika 45 anapata kizunguzungu na kutaka kutapika, na ndani ya saa 2 anazimia. Zikiwa 1,600, kichwa, kizunguzungu na moyo wa mbio vinakuja ndani ya dakika 20, na kifo ndani ya saa 2. Zikiwa 6,400, kichwa na kizunguzungu vinaanza katika dakika 1 ao 2, na kifo kiko kwenye dakika 10 mpaka 15. Zikiwa 12,800, ni dakika 1 mpaka 3.

Na tena kifo si mwanzo wa taabu. Mbele ya kuanguka, akili inapotea. Mtu anasahau masiki yake ya kujiokoa ingawa iko kiunoni. Anakwenda upande wa moshi. Anaketi kupumzika, naye hasimami tena. Kwa hiyo niliwaambia wazee: dakika 5 za kwanza ndizo mtu bado ana miguu na bado ana kichwa. Ndani ya dakika hizo anapaswa kusikia sirene, kufungua masiki, kuweka mdomoni, na kutembea kwenda chumba cha kukimbilia. Ninyi mnataka jaribio linaloandika NZURI wakati sirene imechelewa dakika 4 na nusu? Hilo halipimi sirene. Linapima karatasi.

Mwenye kalamu akairudisha mfukoni.

Nilimwonea huruma yule kijana. Lakini hakukasirika, na kwa hilo nampa heshima. Aliuliza tu: "Basi, baba, kwa nini linachelewa usiku mwingine, na usiku mwingine halichelewi?" Ndilo swali ambalo miaka yote mitano hakuna aliyeliuliza. Fundi mzee wa waya, aliyebakiza miezi michache kupumzika kazi, akamjibu: "Mwanangu, nipe tarehe za usiku ule mbaya, zile za zamani." Wakatoa faili. Mzee akaleta daftari lake la matengenezo ya waya, lenye mafuta kila ukurasa. Wakaziweka pamoja.

Kila usiku wa MBAYA ulikuwa usiku ambao kipima-gazi kimoja ao viwili havikujibu, kwa sababu ya maji katika viungo vya waya. Waya ukikauka ao ukitengenezwa, usiku uliofuata ulikuwa NZURI. Na programu ilikuwa na tabia moja mbaya: isipopata jibu, inangoja sekunde 20, inauliza tena, inangoja sekunde 20, inauliza mara ya tatu. Dakika 1 nzima inapotea kwa kila kipima-gazi kilichonyamaza, na vyote vinavyofuata kwenye mstari vinangoja. Vikinyamaza viwili, ni dakika 2. Tena kuna jambo lililonitia baridi: wakati huo wote, kioo cha ordinatere kiliendelea kuonyesha jibu la mwisho la yule aliyenyamaza. Sifuri, hewa safi. Pengine jibu la juzi.

Mnaona? Jaribio lile halikuwa na haraka wala wazimu. Lilikuwa likisema kweli tangu usiku wa kwanza. Waya ikilowa katika nivo moja, watu wa nivo nyingine walikuwa na sirene inayochelewa, na ni jaribio peke yake lililojua. Fundi akija kujaribu kwa mkono asubuhi, waya umekauka, kila kitu kizuri. Tukalifunga mdomo kwa sababu lilitusumbua.

Kijana akafanya matengenezo ya pili. Sekunde 15 zikabaki sekunde 15. Aliyogusa ni programu yenyewe: sasa kipima-gazi kisipojibu upesi, programu haikingoji. Inakiandika MGONJWA kwa rangi nyekundu, inafuta jibu lake la zamani, na inapita kwa mwenzake. Alipoendesha jaribio, likaandika NZURI.

Wengine wakataka kusahihisha hapo hapo. Fundi mzee akakataa. "NZURI nimeiona miaka mitano," alisema. "Nionyesheni MBAYA." Nilipenda sana neno hilo. Katika dispansere tunafanya vile: mbele ya kuamini karatasi za kupima malaria za sanduku jipya, ni vizuri kuijaribu moja kwa damu ambayo darubini imekwisha kuonyesha ina vijidudu. Karatasi inayosema "hakuna" kwa kila mtu si dawa ya hofu, ni bahati mbaya.

Basi tukafanya hivi. Usiku, mina tupu, kijana akarudisha programu ya zamani, na mzee akakata waya wa kipima-gazi kimoja makusudi. Jaribio likaandika MBAYA. Wakaweka programu mpya, waya bado umekatwa: NZURI, na kile kilichokatwa kikaonekana chekundu, MGONJWA. Wakakata waya wa pili, na wa tatu. Bado amri ilitoka ndani ya sekunde 15. Halafu kijana akaharibu programu mpya kidogo, kwa makusudi, isitoe amri kabisa. MBAYA. Hapo mzee akatikisa kichwa na kusema sawa.

Usiku ule walikuta kitu kingine. Namba ya kipima-gazi cha uongo ilikuwa imepewa kipima-gazi cha kweli, kilichofungwa katika nivo mpya wakati jaribio limelala. Hakuna aliyejua, kwa sababu jaribio halikuwa macho kulalamika. Kama lingeamshwa vile vile, kila usiku lingeandika uongo juu ya kipima-gazi cha kweli cha watu wa nivo ile. Kitu kilicholala muda mrefu kinaamka katika nyumba iliyobadilika. Usikiamshe bila kuzunguka vyumba. Namba ikabadilishwa.

Mimi niliomba jambo moja zaidi, tukabishana. Nilisema jaribio la programu linapima kichwa, halipimi pua. Ndani ya vipima-gazi vingi vya monoksidi kuna pua ya dawa za kemia, nayo inazeeka: baada ya miaka michache inapoteza nguvu hata kama inajibu vizuri "sifuri, sifuri". Zamani wachimbaji wa makaa ya Uingereza walishuka na ndege mdogo, kanari. Wazo la kutumia wanyama wadogo lilitoka kwa mtaalamu wa Uskoti John Scott Haldane, aliyeandika mwaka 1896 kwamba katika ajali nyingi za mina gazi hii ndiyo iliyoua. Ndege hao waliondolewa kuanzia mwaka 1986, mashine zikachukua nafasi yao. Lakini kanari alikuwa na jambo moja zuri: kila mtu aliona kama yuko mzima ao amekufa. Sanduku la ukutani haliruki wala haliimbi. Kwa hiyo niliomba kila kipima-gazi kipuliziwe gazi ya chupa ya kupimia, kwa zamu, na sirene ilie kweli kila usiku. Gazi ya chupa walikubali. Sirene ya kila usiku walikataa, wakisema baada ya mwezi hakuna atakayeisikia tena. Nilinuna, lakini nadhani walikuwa na haki. Inalia Jumamosi, saa sita ya mchana, mara moja kwa juma. Mmekwisha kuisikia.

Juu ya lile neno RUKA, Komite iliamua hivi: haliwezi kuandikwa bila jina la mtu, sababu na tarehe, na baada ya siku 7 linajifuta lenyewe. Na hesabu ya majaribio yaliyorukwa inaandikwa juu ya karatasi, kwa herufi kubwa kama yale mengine.

Sasa neno kwa ninyi mnaoshuka. Nimeona kwa macho yangu kipima-gazi cha mkononi kilichofungwa ndani ya glavu ili kisipige kelele. Mwenye nacho aliniambia: "Munganga, kinalia bure." Ndugu, hilo nalo ni RUKA. Kikilia bure, kipeleke lampisteri wakitazame, na wewe toka mahali hapo wakati unangoja jibu. Na masiki ya kujiokoa yenye kichujio: wakati inafanya kazi juu ya gazi hiyo inapata moto, hewa inachoma mdomo. Wengi wanaitoa wakifikiri imeharibika. Usiitoe! Ule moto ndio dalili kwamba nje kuna kifo na masiki inakizuia.

Na mama, hata nyumbani. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi inashika, na watu wanaingiza mbabula ndani, wanafunga mlango na dirisha. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa gazi ile ile ya mina. Watu wote wa nyumba wakiamka na kichwa siku moja, watoto wanatapika, na hakuna mwenye homa, usiseme malaria upesi. Fungua mlango, toa kila mtu nje, mtoto mdogo na mwenye mimba mbele, na mje dispansere hata usiku. Hewa safi peke yake inachukua kama saa 5 kutoa nusu ya gazi katika damu. Kwa oksijeni ya masiki inakuwa kama saa moja ao moja na nusu. Makala yakiwa mekundu bila moshi, wengi wanafikiri hayana hatari tena. Si kweli.

Juma lililopita, asubuhi, karatasi ilitoka na namba moja nyekundu: kipima-gazi cha nivo ya chini, MGONJWA. Ekipe ilingojea juu dakika 40, kofia kichwani, wengine wakihesabu saa na kulalamika. Nilikuwa pale, na maneno niliyosikia siwezi kuyaandika katika ukurasa wa usalama. Mzee alishuka na kijana wake. Waya ulikuwa umekanyagwa na mashine ya kupakia. Wakaubadilisha, namba ikawa ya kijani, na kaji ikashuka.